Mwanao anabomoa tu, hajengi? Wa kwangu alikuwa hivyo hivyo

Dada, umeuliza kama mwanao wa mwaka na miezi minne ana tatizo, maana kila ukimpangia vikombe anavisukuma vyote chini, na kama ununue matofali ya plastiki ya dukani. Nakujibu kama baba. Mama watoto anawahi sokoni Mwanjelwa, asubuhi nabaki na mtoto huku Uyole, Mbeya, na wa kwangu sasa ana miaka miwili na nusu.

Hana tatizo. Wa kwangu alianza na magunzi ya mahindi kwenye ndoo: anamwaga, anarudisha, anamwaga tena. Baadaye ikaja zamu ya kubomoa, mimi napanga yeye anaangusha, na kusema kweli nilichoka kabla yake. Kuweka kitu juu ya kingine ni kazi kwa mkono mdogo, kwa sababu kushika anajua zamani, ila kuachia polepole bila kusukuma hajajua. Wengi hupanga viwili au vitatu kati ya miezi 15 na 18, wakikaribia miaka 2 wanafika vitano au sita. Wanapishana sana, usimpime kwa mtoto wa jirani.

Matofali ya dukani nilinunua. Ni mepesi mno, akikohoa tu yanaanguka, naye analia. Kilichotusaidia ni mabaki ya mbao kwa fundi seremala. Huku kwetu misonobari ya Mufindi imejaa, hukosi vipande vya mbao za inchi mbili kwa nne. Nilimwomba anikatie urefu wa kiganja changu, nikapiga msasa mwenyewe hasa kwenye kona, nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, basi. Sikupaka rangi wala vanishi, maana kila kitu kinaishia mdomoni.

Hapo sikiliza vizuri. Usichukue kipande chenye rangi ya kijani kijani. Hiyo ni mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, na dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, aseniki ni sumu. Mabaki ya nguzo pia yaache. Na usiyatie jikoni ukidhani umepata kuni, moshi wake nao ni mbaya. Mimi nilikuwa nimeshabeba viwili, fundi ndiye akanirudisha.

Wakati unasubiri mbao, chukua maboksi ya sabuni na ya majani ya chai, yajaze magazeti yaliyofinyangwa mpaka yawe magumu, funga kwa solotepu. Sufuria za kuingiana nazo ni mchezo mzuri, kelele utavumilia. Makopo ya bati mimi nimeyakataa, mdomo wake unakata. Viberiti pia, ule ubavu wa kuwashia akiulamba si vizuri. Vizibo vya soda na punje za mahindi visikaribie kabisa: chochote kinachopenya kwenye kile kiboksi cha mviringo cha katikati ya karatasi ya chooni kinaweza kumkaba.

Sakafu nayo. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku unaijua, tunatandika blanketi, halafu tunashangaa mnara hausimami. Weka ubao au sinia pana juu ya blanketi, ajengee hapo. Jiko la mkaa lisiwepo chumbani, hata mkisema mnaota moto kidogo tu. Mtoto anayerudi kinyumenyume kuangalia mnara wake haoni nyuma, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wazima.

Kwa seremala nenda jioni anapofagia. Asubuhi vile vipande anavihesabu kama kuni na atakutajia bei.