Kwenye meli ndogo ya kizamani, anza na chumba

Wiki iliyopita mwalimu wangu wa darasa la nne alikuja barazani kwangu hapa Mikindani, Mtwara, yeye na mkewe, mkononi ana bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi alizotumiwa na binti yao aliyeko Uingereza: safari ya siku kumi na mbili kwenye meli ya watalii, kutoka huko hadi Norway na kurudi. Binti amewalipia wote wawili, zawadi ya kustaafu. Nikaamkia, nikawapa viti. Mwalimu akavaa miwani. "Mwanangu, wewe umekaa kwenye hayo mameli. Tuambie ukweli. Hii mbona kwenye picha inaonekana kuukuu?"

Ni kuukuu kweli. Nimefanya kazi mikataba mitatu kwenye meli ya aina hiyo, sitaitaja jina. Wa kwanza nilikuwa dobi, chini kabisa ambako jua hulioni. Miwili iliyofuata nilikuwa mhudumu wa vyumba, na wenzangu wa mezani wakiugua nilivalishwa koti jeupe nikabebeshwa sahani. Niliyowaambia wazee wangu nayaandika hapa, maana watoto wetu walioko nje wameanza kuwapa wazazi safari hizi, na wengi wanachagua meli ndogo za zamani kwa kuwa bei yake inabebeka.

Kuhusu umri wa chombo, msihangaike sana. Meli iliyoitwa Stockholm ilianza safari mwaka 1948. Mwaka 1956 iligongana na meli nyingine, Andrea Doria, karibu na pwani ya Marekani. Andrea Doria ikazama, Stockholm ikarudi bandarini omo, yaani sehemu yake ya mbele, limebondeka. Ilitengenezwa, ikabadilishwa majina mara nyingi, na ikaendelea kubeba watalii kwa jina la Astoria mpaka mwaka 2020. Zaidi ya hapo, tangu Oktoba 2010 sheria za kimataifa za usalama baharini hazitaki meli za abiria za zamani zilizojengwa ndani kwa mbao na vitu vingine vinavyoshika moto kirahisi. Nyingi zilikwenda kukatwa vyuma. Kwa hiyo uliza imekarabatiwa lini mara ya mwisho, hilo lina maana kuliko mwaka wa kuundwa. Ila ujue ukarabati unabadili mazulia na mapazia. Bafu linabaki na udogo wake uleule.

Sasa chumba. Mwalimu alitaka kuanza na chakula, nikamzuia, kwa sababu chakula kibaya kinapita lakini chumba kibaya unarudi kukilalia kila siku. Binti alikuwa amewachukulia chumba cha mbele, karibu kabisa na omo, kwa kuwa ndicho kilikuwa rahisi. Kuna sababu kilikuwa rahisi. Meli ni kama ubao wa bembea ya watoto: aliye nchani anapanda na kushuka, aliye katikati anatikisika kidogo tu. Chombo kikienda mrama, wa omo anarushwa, wa tezi, kule nyuma, anarushwa, na wa juu kabisa anayumba kama mnazi. Wa katikati, sitaha za chini, analala. Tena huko omo ndiko kwenye mnyororo wa nanga. Meli ikifika alfajiri mahali pasipo na gati, mnyororo unashuka kwa kishindo utadhani lori la mabati limemwagwa kichwani kwako. Mkataba wangu wa pili bibi mmoja Mwingereza alilala usiku wa tatu mfululizo kwenye kiti cha maktaba, kajifunika shali, kwa sababu meli ilikuwa imejaa na hatukuwa na chumba cha kumhamishia. Nilikuwa nikimpelekea chai saa kumi na moja asubuhi kabla abiria wengine hawajaamka wakamwona.

Kwa hiyo: katikati, chini. Ukishapata hapo, tazama ramani ya meli uone kuna nini juu yako na chini yako. Juu kukiwa na ukumbi wa muziki utasikia ngoma mpaka usiku wa manane, na chumba kilichopakana na jiko kinaamshwa na vitoroli kabla ya alfajiri. Juu ya mitambo kuna mtetemo, ingawa hilo si baya kwa kila mtu; mimi mwenyewe, miezi miwili baada ya kurudi nyumbani, sikupata usingizi kwa sababu Mikindani ni kimya mno.

Meli hizi za zamani nyingi vyumba vyake havina vibaraza vya nje. Utapata dirisha, au kidirisha cha duara, au ukuta mtupu. Kidirisha cha sitaha ya chini bahari ikichafuka kinafungwa kwa kifuniko cha chuma, basi usishangae chumba kikawa giza mchana. Dirisha la sitaha ya matembezi lina kasoro nyingine: usiku ukiwasha taa, mpita njia anakuona mzimamzima. Mama, mke wa Mwalimu, akacheka, nikamwambia sicheki, fungeni pazia. Na soma maandishi madogo kwenye bei, maana dirisha jingine linatazama ubavu wa mashua ya kuokolea watu, na bahari unaisikia tu.

Vitanda mara nyingi ni viwili vyembamba vilivyofungwa ukutani, kimoja huku kingine kule, na haviunganiki. Wenye ndoa wajue mapema. Mabegi yanaingia chini ya kitanda, ndiyo maana begi laini linalokunjika linafaa kuliko sanduku gumu. Kuta ni za chuma, kwa hiyo nunua ndoano chache za sumaku. Utatundika kofia, miwani, tasbihi, kila kitu. Plagi ni moja au mbili chumba kizima, na huenda si za matundu matatu kama zetu, beba adapta. Pasi, birika la umeme na hita ya kuchemshia maji vitachukuliwa langoni. Meli inaogopa moto kuliko inavyoogopa maji. Na udi, wapwani wenzangu, udi acheni nyumbani. Abiria mmoja wa Comoro alifukiza chumbani usiku wa Ijumaa, king'ora kikalia, wazima moto wetu wakaja mbio na mipira ya maji. Mimi niliyekuwa nimesimama nao mlangoni harufu ile ilinitoa machozi, na si kwa ajili ya moshi.

Bafu. Hapa nilisubiri Mwalimu atoke nje kidogo kupokea simu, nikamweleza Mama vizuri. Mlangoni pa bafu kuna kizingiti kirefu cha chuma, ili maji yasimwagike chumbani. Usiku ukiamka bila taa utajikwaa. Kucha ya dole gumba langu la kulia haijanyooka mpaka leo. Mzee mwenye magoti mabovu na aulize mapema idadi ya vizingiti hivyo, maana viko hata kwenye milango ya kutokea sitahani. Choo kinavuta kwa hewa kwa mlio mkali, funika kwanza ndipo ubonyeze. Usitupe humo vitambaa vya kujifutia wala pedi, mabomba ni ya zamani na ukiziba wewe unaziba ujia mzima. Halafu maji ya kutawadhia: hakuna mpira, hakuna ndoo, kuna karatasi tu. Beba kopo la plastiki. Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakihangaika na glasi ya mswaki.

Tulipofika kwenye chakula Mwalimu alikuwa amerudi. Meli ndogo ina ukumbi mmoja mkubwa wa kulia, na huenda wanakula kwa awamu mbili, jioni mapema na usiku. Mkipewa meza ya pamoja, mtakaa na haohao mpaka mwisho wa safari. Msipopatana nao, siku ya kwanza mwendeeni mkuu wa ukumbi kwa upole mwombe kuhama. Siku ya tano hawezi tena. Kwa umri wao niliwashauri awamu ya mapema. Nyuma, sitaha ya juu, kuna pa kujipakulia mwenyewe, na asubuhi ndipo pazuri kuliko ukumbini.

Mambo ya halali yasemwe wakati wa kukata tiketi, yaandikwe, na siku ya kupanda yakumbushwe. Ukisubiri uketi mezani ndipo useme, mpishi atakupa viazi. Samaki na mboga havina shida kubwa, lakini uliza mchuzi kama umetiwa mvinyo, na vitamutamu vinavyotikisika kama kamasi vina jelatini. Kwenye meli yangu jikoni walikuwepo Waindonesia Waislamu, hao walinielewa kabla sijamaliza sentensi. Ugali msitafute. Wali upo: Wafilipino na Wahindi waliojaa kwenye meli hizi hawaishi bila wali, kwa hiyo kwenye chumba cha kulia cha mabaharia sufuria halikauki. Mwombe mhudumu wako kwa heshima, akiwa na nafasi atakuletea, na kipilipili juu. Hii ndiyo raha ya meli ndogo. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kuchukua abiria zaidi ya elfu saba. Ukiwa humo nani atakumbuka kwamba Mama hali kitunguu kibichi? Kwetu, siku ya pili nilikuwa nayajua majina ya abiria wa vyumba vyangu vyote, na siku ya tatu najua nani anakoroma.

Usiku wa mavazi rasmi unawatisha watu bure. Kanzu safi na koti, kofia ya mkono, hakuna aliyemzuia mtu mlangoni kwenye meli niliyofanyia kazi. Mama avae gauni lake la kitenge la harusi. Dera abaki nalo chumbani.

Maji ya bombani yanatengenezwa melini kutokana na maji ya bahari na yanatiwa dawa, yananyweka. Chai na kahawa kwa kawaida zimo kwenye nauli, soda na vileo havimo, na kila ukionyesha kadi yako ya chumba deni linaandikwa. Siku ya mwisho mapokezi panageuka msibani. Uliza karatasi ya hesabu kila baada ya siku mbili. Uliza pia bakshishi kama imeshakatwa. Nikisema hivi najikata mkono mwenyewe, lakini usilipe mara mbili kwa kuona haya.

Nawa mikono kwa sabuni na maji kila kabla ya kula. Ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi kwa virusi vya kuharisha na kutapika vinavyosambaa melini, na kwenye meli ndogo vinazunguka upesi.

Burudani ni chache. Bwawa ni dogo, huenda lina maji ya chumvi, na mawimbi yakizidi wanalifunika kwa wavu. Ukumbi wa maonyesho una nguzo, wahi kiti. Waifai ni ghali na inakatika. Zima data ya simu kabla ya kuondoka bandarini, mtandao wa baharini unakula pesa ukiwa umelala. Lifti ni moja mbili na hazifiki sitaha zote, na pengine jiko limekata njia katikati, ikubidi upande juu, uvuke, ushuke tena. Daktari yupo, ila bila bima utalia. Lakini sitaha ya mbao inayoizunguka meli nzima, ile ya kutembea baada ya alfajiri na kikombe cha chai mkononi, hiyo sijaona kitu kinachoishinda.

Udogo una faida nyingine. Mfereji wa Corinth kule Ugiriki una upana wa mita 24 hivi, na mwaka 2019 meli ya watalii Braemar, yenye upana wa mita 22.5, ilipita humo. Majitu hayajaribu. Hata huku kwetu, meli ndogo ndizo zinazotia nanga Kilwa, watu wakashushwa kwa mashua kwenda kutazama magofu ya Kisiwani. Kupanda mashua hizo kunataka miguu; baharia akikunyoshea mkono, mshike kifundo cha mkono naye akushike kifundo cha mkono, viganja vinateleza.

Kulewa bahari: sisi tuliokwenda Dar es Salaam kwa meli kabla Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji, halijafunguliwa mwaka 2003 tunakujua. Dawa inywewe kabla ya mrama, maana ukishaanza kutapika haikai tumboni. Mwenye dawa za presha amwulize daktari kwanza. Biskuti kavu, tangawizi, kaa nje utazame upeo wa macho.

Zoezi la usalama msilikose, hata mkiwa mmechoka. Meli ya watalii Costa Concordia ilipopata ajali Januari 2012 wakafa watu 32, wapo abiria waliokuwa wamepanda siku hiyohiyo na hawajafanya zoezi. Sasa sheria inataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Tunaokumbuka kuzama kwa MV Bukoba na Spice Islander hatuhitaji kubembelezwa. Hesabuni milango kutoka chumbani hadi ngazi, mguse kila mmoja, ili hata kwenye giza mikono ijue.

Na viza: ya Schengen kwa ajili ya Norway, na ya Uingereza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mnatoka na mnarudi.

Mwalimu alimpigia bintiye palepale barazani. Chumba kimehamishiwa katikati, sitaha ya nne, kwa nyongeza kidogo; binti alilalamika kidogo, akalipa. Nikawaambia wabebe pakiti mbili za korosho zilizofungwa vizuri kiwandani, wampe mhudumu wao wa chumba siku ya kwanza, si ya mwisho. Walipokuwa wanatoka, Mama alirudi nyuma hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kopo liwekwe kwenye begi kubwa au la mkononi. La mkononi, Mama. Mabegi makubwa siku ya kupanda yanaweza kuchelewa hadi magharibi.