Mama anapokataa mashine ya kupumulia

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba mama yako mwenye umri wa miaka 81 hataki kuwekewa mashine ya kupumulia siku zake za mwisho zitakapofika, na kwamba ndugu zako wanayaona maneno hayo kuwa uchuro. Kwa maoni yangu, mama hajakata tamaa. Anataka kusikilizwa angali na akili timamu.

Nakushauri umuulize kwa upole anachokiogopa hasa, kwa kuwa wazee wengi huhofia maumivu, upweke na kuwa mzigo kuliko wanavyokihofia kifo chenyewe. Mwombeni pia daktari awafafanulie kwamba kujaribu kuuamsha moyo uliosimama kwa kukandamiza kifua huweza kuvunja mbavu, na kwamba kwa mzee aliyedhoofishwa na maradhi sugu mara nyingi juhudi hizo hazimrejeshi. Kukataa tiba ya namna hiyo si sawa na kuomba kusaidiwa kufa, jambo ambalo Uholanzi iliruhusu kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002 na ambalo nchi nyingi bado hulikataza. Wala si kukataa kuhudumiwa, kwani tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mateso mgonjwa mahututi, hutuliza maumivu na shida ya kupumua hadi mwisho.

Matakwa yake yaandikwe, naye amteue mtu mmoja wa kumsemea (si lazima awe kifungua mimba). Uzito wa hati hiyo kisheria hutofautiana baina ya nchi, hivyo mwulizeni wakili. Ndugu zako nao wamsikie mama mwenyewe, kwa sababu maneno yakipitia kwako watadhani ni yako.