Uliza Muuguzi: Nikijisikia vizuri, dawa za nini?

Barua nilizochagua safari hii zinahusu magonjwa tofauti, lakini zote zimeandikwa na watu wanaotafuta mlango wa kutokea. Siwalaumu. Nimekaa kwenye kliniki ya magonjwa sugu muda wa kutosha kujua kwamba kidonge cha kila siku humchosha mtu kuliko homa ya wiki nzima. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Mama Muuguzi. Nina miaka 47. Nilipimwa kazini nikakutwa na presha 168/104, wakati kichwa hakiniumi wala sina kizunguzungu. Nikapewa amlodipine. Baada ya miezi miwili ikashuka hadi 128/82, nikaona nimepona, nikaacha. Siku ya tatu nikapima tena: 126/80! Mke wangu hataki kunielewa, tunagombana kila siku. Naomba umwambie ukweli. Halafu, dawa ile ilikuwa inafanya viatu vinibane jioni.

Marahaba, mwanangu. Ukweli ni kwamba mkeo yuko sawa.

Hiyo 126/80 ya siku ya tatu ilikuwa bado kazi ya dawa. Amlodipine hutoka mwilini polepole; inachukua zaidi ya siku moja kupungua hadi nusu, kisha nusu ya nusu, hivyo hivyo. Ukipima siku ya tatu unapima mabaki yake. Pima wiki ya pili au ya tatu, ndipo utajua presha yako mwenyewe iko wapi. Umeajiri mlinzi, wezi wakakoma kuja, sasa unamfukuza kwa kuwa huoni wezi.

Kwa watu wengi sana presha ya juu haina chanzo kimoja kinachoweza kung'olewa. Dawa huilegeza mishipa ikatanuka, basi. Ikiisha, mishipa inarudi ilivyozoea. Na suala la kichwa kutouma nakuomba ulisahau kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo, na hawajui kwa sababu haiwaumi popote. Wakati huo huo misuli ya moyo inanenepa kwa kusukuma dhidi ya mgandamizo, vichujio vya figo vinaharibika, na mishipa ya ubongo na ya macho inakakamaa. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kabla mwenyewe hajahisi lolote. Ndiyo maana wenye presha tunawapima mkojo kuona kama una protini, na damu kuona kiwango cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini. Kama hujawahi kupimwa hivyo viwili, ulizia.

Sasa tuje kwenye viatu. Umeviweka mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, kama jambo dogo. Nahisi ndivyo vilivyokufanya uache. Amlodipine huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, hasa jioni, kwa sababu mishipa midogo inayopeleka damu inatanuka na maji yanavujia pembeni. Mara nyingi si figo wala moyo, ingawa mguu mmoja ukivimba peke yake, au pumzi ikikatika, usisubiri: nenda ukaonwe. Tatizo hili lina tiba. Dozi inaweza kupunguzwa na dawa ya pili ikaongezwa, au ukabadilishiwa kabisa. Dawa za presha ziko za makundi kadhaa na kila moja ina kero zake: zile ambazo majina yake huishia na "pril" huwaletea wengine kikohozi kikavu, na hao huhamishiwa zile za "sartan" kikaisha. Na kama kuna lingine hukuliandika kwa aibu, la chumbani, litaje vilevile. Wanaume wengi huacha dawa kwa sababu hiyo, hawasemi, na daktari anabaki kuandika "mgonjwa hafuati masharti". Presha yenyewe nayo huharibu mishipa ya huko, kwa hiyo usikimbilie kuilaumu dawa.

Je, dozi inaweza kupungua siku moja? Inaweza. Ukipunguza uzito, ukashusha chumvi iwe chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na ukatembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, kuna watu wanaopunguziwa dawa. Ila hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, huku mnapima. Pima ukiwa umeketi dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu. Pima mara mbili na uandike. Kliniki nyingi, na hili linaniudhi, humpima mtu akiwa bado anahema kutoka mlangoni. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 na kuendelea ni presha ya juu. Kliniki mpaka ni 140/90.

Mama Muuguzi, mama yangu ana miaka 61 na ana kisukari mwaka wa kumi na moja. Daktari anataka aanze insulini. Amekataa katakata. Anasema wote aliowaona wakianza sindano hawakufika mbali. Isitoshe kliniki sukari yake huwa nzuri, mara ya mwisho ilikuwa 6.8, ila kile kipimo cha miezi mitatu kilisema 9.4. Kipi ni cha kweli?

Vyote viwili. Ile 6.8 mmol/L ni sukari ya asubuhi ile tu, na nakuomba umchunguze mama kwa upole: siku mbili kabla ya kliniki anakula nini? Wengi hujinyima ili wasigombezwe. Namba inapendeza, kila mtu anafurahi, kesho yake maisha yanarudi palepale. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakidanganyiki hivyo. Sukari iliyo kwenye damu hujibandika kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi siku 120 hivi, asilimia ile inaonyesha hali ya wiki nyingi. Wengi hulengewa karibu na 7, wazee dhaifu juu kidogo. Kwa hiyo 9.4 iko juu.

Aliyoyaona mama ni kweli, ila ameyapanga kinyume. Wale watu walianza insulini wakiwa wamechelewa, figo zimeshaumia na vidonda vya miguu vimeshaingia, na lawama ikaiangukia sindano kwa kuwa ndiyo iliyokuja mwisho. Kabla ya insulini, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tiba ya kumwokoa. Watafiti Banting na Best waliipata kule Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 akachomwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Akaishi miaka 13 zaidi. Hiyo ndiyo dawa mama anayoiita mwisho wa safari.

Yeye ana aina ya pili. Kongosho lake, kiungo kinachotengeneza insulini, limekuwa likijitahidi miaka yote hiyo, na uwezo wake hupungua hata kwa mgonjwa mtiifu. Mwambie hilo kwa sauti, maana wengi huona insulini kama adhabu ya kutofuata masharti. Mwambie pia kwamba sindano za sasa ni nyembamba na fupi sana, huchomwa kwenye mafuta ya tumbo au paja. Akikubali kuchomwa moja tu pale kliniki ajionee, nusu ya kazi imeisha.

Hatari ninayotaka muijue nyote nyumbani ni sukari kushuka. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, maneno kuchanganyika: pimeni, na ikiwa chini ya 4, apewe gramu 15 za sukari kwa njia ya haraka, kama sukari iliyokorogwa kwenye maji, mrudie kupima baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui msimwagie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Insulini ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka ikaonekana nzima.

Nina pumu. Nina miaka 22. Natumia ile inhela ya bluu kila siku, wakati mwingine mara nne. Nilipewa na nyingine ya kahawia sikuona kazi yake nikaiweka. Rafiki zangu wananiambia nikizoea inhela mapafu yatakuwa mavivu.

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyenitia hofu kuliko wote humu.

Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Inhela ya bluu, salbutamol, hulegeza misuli inayobana njia hizo, ndiyo maana unaisikia papo hapo. Uvimbe haiugusi. Ile ya kahawia ina steroidi kidogo inayoutuliza uvimbe, na hufanya kazi kwa siku na wiki, kwa hiyo ni kweli hukuisikia. Ukihitaji ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yako haijatulia. Mara nne kwa siku ni njia ya kwenda chumba cha dharura. Miongozo ya kimataifa ya pumu, iitwayo GINA, iliacha tangu 2019 kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana.

Mapafu hayawi mavivu. Rudi kliniki wiki hii ukiwa na inhela zote mbili, na uombe wakutazame unavyovuta: tikisa, toa pumzi yote, bonyeza huku unavuta polepole, bana pumzi sekunde 10. Ukimaliza ya steroidi sukutua mdomo, uteme. Usiku ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, usingoje asubuhi.

Magoti yananiuma, nameza diclofenac kila siku. Presha nayo imegoma kushuka ingawa nakunywa losartan na ile ya kukojoza. Kuna uhusiano?

Upo, dada yangu. Diclofenac na ndugu zake kama ibuprofen hubakiza chumvi na maji mwilini na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Ukizichanganya na losartan na dawa ya kukojoza, figo zinabanwa pande tatu kwa pamoja. Muulize daktari juu ya diclofenac ya kupaka, ambayo huingia kwenye damu kidogo sana, na uanze kuimarisha misuli ya paja: kaa kwenye kiti, nyoosha goti, shikilia sekunde 5, shusha polepole, kila siku, miguu yote miwili. Nafuu itachukua wiki kadhaa. Omba kipimo cha kreatinini, na siku ya kliniki taja kila unachojinunulia duka la dawa, maana kwenye faili lako hicho hakimo.