Veda zilikaaje kichwani bila kupotoka?

SWALI: Nasikia Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, zilirithishwa kwa mdomo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Bibi yangu hadithi yake hubadilika kila anapoisimulia. Hizo zilisalimikaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Bibi yako anaruhusiwa kutia chumvi, mwanafunzi wa Veda haruhusiwi hata kupandisha silabi isiyopandishwa. Mimi nimepita chuoni, nimehifadhi juzuu zangu mbele ya maalim, kwa hiyo kukariri kitabu kizima hakunitishi sana. Kilichoniacha hoi ni ule mtindo wao wa kusoma mbele na nyuma.

Chukua mwanzo wa Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, yenye tenzi 1,028: agnim ile purohitam, namsifu Agni (mungu wa moto), kuhani. Mwanafunzi huujua mstari kama ulivyo, kisha neno mojamoja, kisha mawilimawili. Akifika daraja ya ghana, huo mtindo wa mbele na nyuma, husoma hivi (naacha namna sauti zinavyoungana): agnim ile, ile agnim, agnim ile purohitam, purohitam ile agnim, agnim ile purohitam. Akimaliza anaanzia neno la pili, hivyohivyo mpaka mwisho. Neno likidondoka, au likipishana na jirani yake, mnyororo unakatika papo hapo na kila aliyepo anasikia. Wala huwezi kubahatisha kwa kufuata maana, maana ukirudi kinyumenyume maana yenyewe haipo!

Hapo bado lahani. Kuna viwango vitatu vya sauti: udatta, anudatta na svarita. Kwa Wanambudiri, makuhani wa Kihindu wa Kerala, kusini mwa India, mwalimu humshika mtoto kichwa na kukisogeza kufuata sauti, mpaka shingo nayo ihifadhi. Wana sababu ya kuogopa: husimulia kisa cha mungu Tvashtri, aliyetaka kiumbe wa kumuua Indra, mfalme wa miungu, akakosea mkazo katika neno indrashatru, dua ikageuka: badala ya "muuaji wa Indra" ikawa "ambaye muuaji wake ni Indra". Basi Indra ndiye akamuua kiumbe huyo.

Ila usidhani vyote vimesalimika. UNESCO, iliyoutambua usomaji huu mwaka 2003, inasema matawi yake yalizidi 1,000 na yaliyobaki ni 13. Hayo mengine hayakupotoka, yalikosa wanafunzi tu. Waliobaki hawajalegea: hukohuko Kerala, kijijini Kadavallur, wilaya ya Thrissur, wasomaji wa Rigveda wa shule mbili, ya Thrissur na ya Thirunavaya, bado hupimana kila mwaka hekaluni, kwa kichwa.