Siku za kwanza za kujitolea kijijini kaskazini mwa Ghana

Ndugu yangu, umeuliza uanzie wapi utakapofika kujitolea katika kijiji cha Wadagomba, kabila la huko, karibu na mji wa Tamale. Nakuomba sana, kabla ya kazi yoyote, uongozane na mwenyeji wako kwenda kumsalimu chifu, mkiwa na kokwa za kola, mbegu chungu za kutafuna, na uvue viatu kabla ya kuingia. Mimi nilikuwa na haraka ya kuanza kufundisha, lakini asubuhi ile ya kumsalimu chifu mzee mmoja aliipasua kola kwa kucha, akanigawia kipande kichungu, na tangu hapo watoto wakaniita kwa jina. Ukisalimiwa "dasiba" asubuhi, yaani habari za asubuhi kwa Kidagbani, lugha yao, itikia "naa" kwa utulivu. Tuo zaafi, inayofanana na ugali laini, kula kwa mkono wa kulia.