Steringi mwenye damu mikononi: maswali ya wasomaji wa komiki

Punisher anaua watu kwa makumi. Kwa nini mnamhesabu upande wa mashujaa? (Msomaji, Morogoro)

Hakuanzia upande huo. Mwaka 1974, katika The Amazing Spider-Man namba 129, Gerry Conway na mchoraji Ross Andru walimleta kama adui wa toleo: muuaji aliyerubuniwa na Jackal, mhalifu mwingine, ili amtoe roho Spider-Man. Wasomaji wakamtaka tena, akarudishwa mara kwa mara, na mwaka 1986 akapewa mfululizo wake wa matoleo matano, ulioandikwa kwa sehemu kubwa na Steven Grant. Kisa cha mkewe na watoto wake kuuawa na majambazi pale Central Park kinamfanya aeleweke. Hakimpi haki, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Ukitaka kumpima antihiro yeyote, yaani steringi anayetumia njia chafu, angalia nani anabeba gharama ya anayoyafanya, na kama hadithi inakuonyesha gharama hiyo. Frank Castle, ndilo jina halisi la Punisher, wa hadithi nzuri hana kwao, hana rafiki wa kudumu, na shujaa mwenzake Daredevil humpinga usoni bila kumung'unya maneno. Yule wa hadithi mbovu anamaliza watu ishirini, anawasha gari, toleo limekwisha. Tafuta The Punisher namba 13 ya mwaka 2019, ya Matthew Rosenberg. Polisi wawili wanamchangamkia na kumwonyesha stika ya fuvu, nembo yake ya kifuani, waliyoibandika kwenye gari lao. Anaibandua na kuichana. Anawaambia wao walikula kiapo cha kulinda sheria, yeye aliachana na hayo zamani. Kama wanatafuta mtu wa kumuiga, wakamwone Captain America. Mhusika anatoa hukumu juu yake mwenyewe, mbele ya mashabiki wake.

Joker ameua watu wangapi? Batman kumwacha hai si huruma, ni uzembe. (Msomaji, Mombasa)

Kuna jibu la ofisini kwa wachapishaji na jibu la hadithini. La ofisini kwanza. Batman alianza Mei 1939 katika Detective Comics namba 27, na humo alimpiga ngumi mhalifu akatumbukia kwenye tangi la asidi, wala hakujuta. Katika Batman namba 1 ya mwaka 1940 alitumia bunduki ya rashasha akiwa kwenye ndege yake. Mhariri Whitney Ellsworth ndiye aliyepiga marufuku kuua na bunduki. Joker naye alikuwa afe humo humo kwa kisu chake mwenyewe. Ikaongezwa fremu moja mwishoni kuonyesha kwamba atapona. Adui anayeuza nakala hazikwi.

La hadithini lina uzito zaidi. Mwaka 1988 wasomaji waliamua kwa kupiga simu kama Jason Todd, Robin wa pili, yaani msaidizi wa Batman, afe mikononi mwa Joker: kura 5,343 zikasema afe, 5,271 zikasema aishi. Judd Winick alipomfufua kama Red Hood mwaka 2005, alimpa kinywani swali lako hilo hilo. Batman anajibu kwamba kuua si kugumu hata kidogo, ni rahisi mno, na akianza hataweza kurudi. Unaweza kukataa jibu hilo, nasi hatulioni kamili. Ila swali limeulizwa na mtu aliyeuawa na Joker, si na mpita njia, na ndiyo sababu linauma.

Komiki za miaka ya 1950 na 1960 mbona wema ni wema tu na wabaya ni wabaya tu? (Msomaji, Kigoma)

Ilikuwa sheria. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani, wakiogopa Bunge la Seneti na hasira za wazazi, walijiwekea kanuni: wema ushinde kila mara, mhalifu aadhibiwe, na uhalifu usichorwe kwa namna ya kumfanya msomaji amwonee huruma aliyeutenda. Komiki isiyo na muhuri wa kanuni hiyo kwenye jalada ilipata shida kufika madukani. Kabla ya hapo Namor, mwanamfalme wa baharini aliyebuniwa 1939, alikuwa akiuvamia mji wa New York kwa hasira ya watu wake wa baharini. Mwaka 1971 Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, walitoa matoleo matatu ya Spider-Man kuhusu dawa za kulevya, namba 96 hadi 98, bila muhuri, na kanuni ikalegezwa mwaka huo huo. Wolverine, antihiro mwingine, na Punisher walitokea mwaka mmoja, 1974. Marvel waliiacha kanuni kabisa 2001, na DC, wachapishaji wa Batman, 2011.

Storm ni msafi kupita kiasi. Ama kuna stori yenye anachafuka? (Msomaji, Nairobi)

Ipo. Storm ni shujaa wa kundi la X-Men anayetawala hali ya hewa. Mwaka 1975 tulimkuta Kenya, wanakijiji wakimwabudu kama mungu wa mvua. Baadaye tukajua ameapa kutoua. Sasa fungua Uncanny X-Men namba 170, ya mwaka 1983, Chris Claremont akiandika na Paul Smith akichora. Chini ya New York, kwenye mahandaki ya Morlocks, kundi linaloishi mafichoni huko, Angel, mwenzake wa X-Men, ametekwa. Storm anaumwa, hana hata nguvu za kusimama vizuri, na anapigana kwa visu na Callisto, kiongozi wao, bila kuita upepo wala radi. Anamchoma moyoni. Callisto anaponea chupuchupu kwa sababu miongoni mwa Morlocks yumo mponyaji, jambo ambalo haliondoi kwamba kisu kililengwa palepale.

Tunachokipenda ni kilichofuata. Claremont hakumfanya aombe radhi. Katika namba 173 Storm anatokea amenyoa nywele pembeni na kuvaa ngozi nyeusi, na Kitty Pryde, binti aliyekuwa akimwona kama dada mkubwa, anakimbia akilia. Gharama imeangukia kwa mtoto asiyekuwamo kwenye ugomvi.

Je, Rorschach alikuwa na haki? (Msomaji, Bukoba)

Hapana, na Alan Moore, mwandishi wa Watchmen anamotokea mlipiza kisasi huyu, hakumwandika apendwe. Alipendwa kwa sababu za kiufundi. Watchmen (1986 hadi 1987) inafunguliwa na shajara yake, kwa hiyo tunaingia mjini kwa macho yake kabla hatujajua ni mtu wa namna gani. Anayeshika masanduku ya masimulizi, yaani visanduku vya maneno ya msimuliaji, hushika huruma ya msomaji. Rudia sura ya 6: daktari wa akili wa gerezani, Malcolm Long, anamsikiliza Rorschach siku baada ya siku, na ndoa yake inavunjika.

Nachora komiki ya kurasa 22. Steringi ni askari wa zamani anayewinda wauza unga. Waliosoma wanasema hawamjali. Nimekosea wapi? (Msomaji, Temeke)

Bila kuona kurasa zako, tunabahatisha kwamba umeweka msiba wake ukurasa wa kwanza. Wengi hufanya hivyo, na msiba unageuka risiti ya kuhalalisha kila risasi inayofuata. Usogeze hadi karibu ukurasa wa 15, nusu ukurasa inatosha. Kurasa tatu za mwanzo mwonyeshe akifanya kazi kwa mikono: anashona jeraha lake kwa uzi wa nyavu, anahesabu risasi mezani. Msomaji humwamini mtu anayejua kazi yake.

Kisha mpe mwiko mmoja, mathalani hamgusi mtu mbele ya mtoto wa mtu huyo, na kufikia ukurasa wa 10 uujaribu. Asiyehusika aumie kwa kosa la steringi, si kwa bahati mbaya. Weka mtu mmoja anayembishia na kumshinda kwa hoja. Steringi akishinda kila mabishano, umeandika tangazo. Punguza maiti: watatu wenye majina huuma kuliko thelathini wenye vinyago.

Kwa upande wa uchoraji, acha kuyafunika macho yake kwa wino kila fremu. Yafungue mara moja tu, anapoamua. Kwenye kitabu cha karatasi, uamuzi uwe fremu ya mwisho ya ukurasa wa 13, ulio kulia, na matokeo yawe ukurasa wa 14, baada ya kufunua. Kwenye simu hakuna kufunua, basi acha nafasi nyeupe ndefu. Maneno yasizidi 35 kwa fremu.

Mwanangu wa miaka 12 anataka hadithi za namna hii. Aanze na ipi? (Msomaji, Zanzibar)

Magneto, adui mkubwa wa X-Men. Uncanny X-Men namba 150 (1981), anapodhani amemuua Kitty na kutambua kwamba amempiga mtoto, halafu namba 200 (1985), anaposhtakiwa. Punisher MAX ya Garth Ennis, iliyoanza 2004, iweke juu ya kabati.