Kidole Kinakubali, Macho Yanakataa

Kijana wa laini pale Ngamiani alinibonyeza kidole mara tatu, na mara zote tatu mashine ikakubali. Kisha akaitazama picha iliyotokea kwenye simu yake, akanitazama mimi na ndevu zangu, akasema, "Kaka, mlete mwenye kitambulisho." Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. "Huyu ni dada," akanijibu, kwa ule upole wa Kitanga unaokukatalia bila kukuvunjia adabu. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna.

Nikaondoka bila laini, na pesa yangu yote imo kwenye namba ile. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kwa hiyo mtu aliyebadili jinsia, sura yake ikishaachana na picha ya zamani, anakwama hata kwenye kutuma elfu mbili ya mchicha.

Nisikudanganye: hapa Tanzania hakuna sheria iliyoweka njia ya kubadili jinsi iliyoandikwa kwenye kitambulisho. Afrika Kusini wana sheria yao tangu 2003, na hata wao wanadai ripoti za madaktari. Kenya, mwaka 2014, Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alishinda kesi, baraza la mitihani likaamriwa limpe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsi. Kesi nzima, cheti kimoja! Kwetu mlango unaofunguka ni wa jina. Anza hapo.

Na jina lichague kwa akili. Langu la zamani linaanza na Mwana-, hata kipofu angejua ni la kike. Mimi nilitaka Hamisi. Shangazi yangu, aliyekuwa akikuna nazi, wala hakuinua kichwa: "Chukua Riziki, mwanangu. Riziki haina mke wala mume." Sikupenda, nilitaka jina lenye ndevu. Lakini Hamisi juu na KE chini ni ugomvi kila dirisha, ilhali akina Riziki wa kike na wa kiume wamejaa mjini na hakuna anayeshtuka. Kiswahili chenyewe hakina taabu na sisi, yeye ni yeye tu. Taabu huanza kwenye fomu.

Kosa lililonilia muda ni kiapo. Stationery moja karibu na mahakama walinichapia kiapo, nikalipa, nikagongewa muhuri, nikaenda nacho nikarudishwa. Kiapo cha jina kinamfaa mtu ambaye karatasi zake zinapishana, kueleza kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja. Kubadili jina ni hati nyingine: inaandaliwa na wakili, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa ardhi. Ukiipata, toa nakala kadhaa wakili azithibitishe, na ile halisi usiilaminishe. Yangu niliilaminisha kwa mapenzi, karani akaigeuzageuza kwenye mwanga akidhani ni kopi ya rangi.

Baada ya hati nenda NIDA kwanza, kwa sababu benki na kampuni za simu zinarudi kusoma hukohuko. Omba na picha mpya. Namba yako, zile tarakimu 20 zinazoanza na tarehe ya kuzaliwa, inabaki ileile. Vyeti vya shule vyenye jina la zamani vitembee na nakala ya hati.

Dirishani jibu ulichoulizwa tu. "Nimebadili jina, hati hii hapa." Basi. Mara ya kwanza nilimsimulia karani mmoja maisha yangu tangu utoto. Kufika saa sita ofisi nzima inapita kunichungulia. Mara ya pili nilikwenda na shangazi, kajitanda kanga yake, kakaa kimya kwenye benchi. Hakusema neno hata moja, na hakuna aliyenipandishia sauti.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule kijana wa laini. Akasoma jina. "Riziki." Akashuka macho hadi kwenye jinsi, akanitazama, akatazama tena. Nikaisogeza hati mbele kidogo. Akaikunja midomo, akavuta mashine.

"Weka kidole."